Madokezo Manne ya Fundi

Kwenye ofisi ya gazeti moja la kila wiki, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho kabla ya choo, alikaa mwanamke aliyeitwa Bi Mkasi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi za mishahara tu. Hili la mkasi alipachikwa na waandishi wachanga, kwa sababu hadithi iliingia chumbani mwake ikiwa na kurasa kumi na mbili, ikatoka na saba, na mwenye hadithi akatoka nayo hana hamu hata ya chakula. Bi Mkasi alijua anavyoitwa. Alijitia hamnazo, lakini moyoni jina alilipenda.

Kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa moja: kuchagua hadithi fupi ya ukurasa wa kumi na nne na kuinyoosha mpaka isomeke. Alikuwa na jicho kali, na hakuona haya kulisifia mwenyewe. Mtindo wake ulijulikana ofisi nzima. Akishasoma ukurasa wa kwanza, anaugeuza, anaandika nyuma yake kwa kalamu nyekundu jinsi hadithi itakavyoisha, ndipo anaendelea. "Binti si wake." "Mlinzi ndiye mwizi." "Barua haikufika." Katika miaka yote hiyo alikosea mara tatu, na zote tatu alikuwa tayari kukueleza kwamba mwenye kosa ni mwandishi.

Kilichompandisha hasira ni dokezo lililowekwa vibaya. Kijana akileta hadithi ambayo mlinzi ndiye mwizi, na tangu mwanzo mlinzi huyo anatazama huku na huku, anatokwa jasho, anaficha mikono, Bi Mkasi alimrudishia karatasi zake na kumkalisha chini. Mwonyeshe anafunga lango kwa mkono wa kushoto, alimwambia, kisha nyamaza. Msomaji apite hapo bila kusimama. Akifika mwisho, akasikia kwamba mwizi alitumia mkono wa kushoto, ndipo arudi nyuma mwenyewe, ajipige paji la uso, aseme lilikuwa hapa muda wote nami nimelipita. Dokezo linaloonekana mapema ni umbea, alisema. Vijana waliyaandika maneno hayo kwenye madaftari yao, na wengine wanayarudia mpaka leo wakifundisha wenzao.

Basi mwanamke huyu, aliyejua mwisho wa kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi, alikaa miezi mitano nyumba moja na mume anayekufa asijue lolote. Watu husema hakuambiwa. Aliambiwa, tena kwa maandishi, na yeye mwenyewe akashika kalamu akayafuta.

Mumewe alikuwa fundi wa vyerehani. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango wa barabarani, na humo vyerehani vilipangwa ukutani kila kimoja na kikaratasi chake kilichofungwa kwa uzi: "Mkanda umelegea." "Sindano inagonga." "Mwenyewe ana haraka, asubiri." Hapo kwenye vikaratasi ndipo alipomaliza maneno yake. Kwa mdomo alisema machache, na watu walimzoea hivyo. Mkewe alimwita Fundi, naye alimwita Mhariri, kwa utani ulioanza siku za uchumba ukaota mizizi. Watoto hawakupata. Walizoeana, wakapendana kwa namna ya watu wanaokula meza moja, mmoja anasoma na mwingine anamtazama akisoma.

Siku daktari alipomwambia kwamba ini lake limeharibika, kwamba hakuna cha kukata wala cha kubadilisha, na kwamba ahesabu miezi mitano, pengine sita, Fundi alishukuru, akarudi kumalizia cherehani cha mteja. Usimlaumu. Alijaribu kumwambia mkewe, tena mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili alasiri. Alimkuta mezani na rundo lake la hadithi, akasimama pembeni na kikombe mkononi. Bi Mkasi aliinua kidole kimoja bila kuinua macho, maana yake subiri nimalize aya hii. Fundi akasubiri. Aya ilipokwisha, mkewe akamsomea kwa sauti sentensi moja ya ovyo humo ndani, akacheka mpaka akafuta macho, na Fundi akacheka naye, kisha akapeleka kikombe jikoni.

Mara ya pili ilikuwa asubuhi, mkewe anafunga viatu. Fundi akasema, "Mhariri, kuna jambo." Bi Mkasi akajibu, "Liwe fupi, leo Jumanne." Jumanne ndiyo siku kurasa zilipopangwa kwenda mtamboni kuchapwa, na siku hiyo alirudi nyumbani jioni akiwa hoi. Fundi alilipima jambo lake, akaona si fupi. Akamwambia litangoja.

Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo lingemjia yeye tu. Mke wake hasikilizi, lakini anasoma. Kila kitu kinachofika mbele yake kwenye karatasi, chenye nafasi pana kati ya mistari, anakisoma kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Basi Fundi, ambaye tangu aache shule hakuandika kirefu kuliko kikaratasi cha cherehani, aliandika hadithi. Ilimchukua siku kumi na moja. Mkewe angeutambua mwandiko wake, kwa hiyo aliipeleka kwenye duka la kuchapa barua, ikatoka kurasa saba. Fundi wa vyerehani akamfanya fundi wa redio. Jina la mwandishi hakuweka.

Alimpa mkewe akisema kuna mteja ameiacha, anaomba itazamwe. Bi Mkasi aliguna, maana wateja wa Fundi walishamletea mashairi ya harusi na malalamiko ya majirani, akaichukua. Akasoma ukurasa wa kwanza. Fundi wa redio, mwenye mke anayefanya kazi ofisini, anatoboa kwa msumari tundu jipya kwenye mkanda wa suruali yake. Bi Mkasi akageuza karatasi, akaandika nyuma: "Mume atakufa." Akaendelea, kalamu mkononi. Fundi wa redio anakisogeza kiti chake ukutani ili akiinuka apate pa kushika. Dukani, badala ya roli kubwa la waya wa kulehemu alilonunua miaka yote, anaomba akatiwe kipande. Nyumbani anamfundisha mkewe kubadilisha mtungi wa gesi, shika spana hivi, geuza huku, na mke anamwambia mambo ya mitungi amwachie yeye. Madokezo manne ndani ya kurasa nne, yote wazi kama mchana. Bi Mkasi akayakata yote manne kwa mstari mwekundu, na pembeni ya kila moja akaandika "mapema mno". Kurasa tatu za mwisho hakuzigusa. Mwisho alikuwa ameshaujua, na uji ulikuwa unapoa.

Fundi alisimama nyuma ya kiti chake muda wote huo. Mkanda wa suruali yake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, na kiti chake cha karakana kilikuwa ukutani tangu wiki iliyopita. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo alikuwa amemwita mkewe jikoni amwonyeshe mtungi, na mkewe akamwambia, "Wewe si upo?" Yote hayo Bi Mkasi aliyasoma dakika tano zilizopita na kuyakata.

"Huyu mteja wako hana subira," alimwambia. "Ana kitu, lakini anamwaga. Ukurasa wa kwanza tu nimeshajua mume anakufa."

"Umeshajua?" Fundi akauliza.

"Tangu ukurasa wa kwanza."

Fundi akauliza huyo mteja afanye nini sasa.

"Afiche," akasema Bi Mkasi, akivuta bakuli la uji. "Msomaji asijue, na mke ndiyo kabisa asijue. Mke akijua mapema, inakuwa miezi ya machozi tu, hapo hakuna hadithi. Ajue mwishoni, mara moja. Hapo ndipo inafika moyoni."

"Na hilo ndilo unalolipenda wewe?"

"Ndilo ninalolipenda, na msomaji yeyote mwenye akili."

Fundi akazikusanya karatasi, akazipanga sawasawa, akasema atamwambia. Bi Mkasi alimkumbusha desturi ya ofisini, ambayo kila mwandishi wake aliifuata: ukishatekeleza sahihisho, weka alama ya vema kando yake, ili nijue umelifanya. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Kuanzia hapo mambo nyumbani yalinyooka. Kiti cha karakana kilirudi katikati ya chumba. Fundi alinunua mkanda mpya, akaukata kwa kipimo ili ufunge kwenye tundu la tatu, mahali ulipofunga wa zamani, na alivaa mashati mawili, moja juu ya jingine, akidai baridi. Mtungi wa gesi hakuutaja tena. Macho yake yalipoanza kugeuka manjano alinunua miwani ya rangi, akasema mwanga wa barabarani unamsumbua akitunga uzi, na mkewe alimcheka, akamuuliza kama ameanza kutafuta wachumba. Hospitali alikwenda kila Jumanne, mkewe akiwa ofisini na kurasa zake.

Mtu mmoja tu aliona. Ni dada yake Fundi, mwanamke wa maneno makali ambaye kila akija alikagua mpaka uvungu wa kitanda. Alimvuta Bi Mkasi kando, akamwambia, "Wifi, kaka yangu amekonda." Bi Mkasi akamjibu kwamba kaka yake amenunua mkanda mpya juzi na anaufunga pale pale alipofunga siku zote, kwa hiyo aliyekonda labda ni yeye wifi mwenyewe. Wifi akabenua midomo. Walikuwa na desturi ya kurushiana maneno, na lile lilipita kama mengine.

Mwezi wa tano tangu daktari aseme, siku ya Jumatano asubuhi, mama mmoja mshonaji alifika kuchukua cherehani chake, akamkuta Fundi sakafuni katikati ya chumba, mbali na ukuta. Alikuwa ameinuka kwenye kiti, na hapakuwa na pa kushika.

Bi Mkasi alifika hospitali na kalamu nyekundu bado iko nyuma ya sikio. Daktari alikuwa mtu mpole, aliyechoka. Alimpa pole, akamweleza hali: ini limefika mwisho, ni suala la siku. Alizungumza naye kama mtu anayekumbushana na mwenzake jambo la zamani. Bi Mkasi alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akiamini kwamba daktari amekosea faili. Ndipo akamuuliza ni mgonjwa gani anayemzungumzia.

Daktari alimtazama. "Mama, mzee amekuja hapa kila Jumanne kwa miezi mitano. Nilimuuliza kama nyumbani wanajua. Akaniambia, 'Mke wangu ameshajua, tangu ukurasa wa kwanza.'" Akafunga faili. "Nilidhani ndivyo mnavyosema kwenu."

Bi Mkasi akakaa kwenye benchi la korido. Wifi yake alikuwa hapo. Baadaye kidogo akamwambia: "Nilikwambia." Alisema hivyo polepole, bila ukali, na Bi Mkasi angeona heri apigwe kofi.

Muuguzi alisema mgonjwa ataweza kunywa uji mwepesi akiamka. Bi Mkasi akashika njia ya nyumbani kuupika, kwa kuwa ilikuwa kazi na alihitaji kazi. Akaweka sufuria, akawasha jiko. Moto ulitoka mdogo, wa bluu, ukatikisika, ukazimika. Gesi imekwisha. Mtungi mwingine ulikuwa pembeni, umejaa, na yeye alisimama mbele yake, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, hajui spana inashikwaje.

Akaenda karakana kuitafuta. Kwenye droo ya meza ya Fundi, chini ya spana, zilikuwapo zile kurasa saba. Alizitambua kwa wekundu wake mwenyewe. Kando ya kila "mapema mno", kwa penseli iliyochongwa vizuri, palikuwa na alama ya vema. Ya mkanda, vema. Ya kiti, vema. Ya mtungi, vema. Kando ya ile ya waya wa kulehemu alama ilikuwapo pia, na Bi Mkasi alipoinua macho aliliona rafuni kopo kubwa la mafuta ya cherehani, la kumtosha fundi miaka miwili, na mfuniko wake haujafunguliwa. Akatazama kiti katikati ya chumba. Ukurasa wa kwanza aliugeuza akijua atakachokikuta, na alikikuta, kwa mwandiko wake: "Mume atakufa."

Alikaa kwenye kile kiti akasoma kurasa tatu za mwisho, ambazo hakuwahi kuzisoma. Humo mume hafi. Mke wa fundi wa redio anatazama mkanda wa mumewe, anaweka kazi yake chini, anamuuliza, "Unaumwa wapi?" Mume anamwonyesha. Wanakaa mlangoni wote wawili, wanazungumza mambo ya mtungi na mambo mengine, mpaka jua linahama kwenye ngazi. Hadithi inaishia hapo. Bi Mkasi alikuwa amekosea mwisho, kwa mara ya nne, na safari hii hapakuwa na mwandishi wa kumtupia kosa. Alilia kwa sauti, mlango wa barabarani ukiwa wazi, na wapita njia walisimama.

Uji aliupika kwa jirani. Alirudi hospitali saa za mchana, chupa ya uji mkono mmoja, kurasa mkono mwingine. Fundi alikuwa macho. Miwani ya rangi walishamvua, na macho yake yalikuwa manjano kabisa. Bi Mkasi alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

"Fundi, unaumwa wapi?"

Fundi aliyajua maneno hayo, alikuwa ameyaandika mwenyewe. Alitabasamu kidogo, akamshika mkono, akauweka ubavuni kulia chini ya mbavu, na akauacha hapo. Akamwambia huanza alfajiri. Akamwambia kwamba chakula kilimshinda tangu siku za mwanzo, na kwamba mara nyingi alikitia kwenye karatasi akakitupa. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko Bi Mkasi alivyowahi kumsikia, na Bi Mkasi hakuinua kidole.

Alipochoka akanyamaza, mkewe alitoa ile kalamu, akaziweka kurasa juu ya shuka. Chini ya kila neno alilolikata akaweka nukta, neno kwa neno, taratibu, kuanzia mkanda.

"Hizo nukta ni nini?" Fundi akauliza. "Hukunifundisha."

"Ukikata kitu kwa makosa, unaweka nukta chini yake. Maana yake kirudi kama kilivyokuwa."

Fundi akazitazama. "Na kinarudi?"

Bi Mkasi angeweza kumdanganya. Alikuwa amedanganywa miezi mitano kwa ajili ya kumpendeza, na hakutaka kumlipa kwa namna ile ile. "Kinarudi," akasema, "kama ukurasa haujaenda mtamboni."

"Basi maliza," akasema Fundi, akafumba macho.

Alimaliza. Ya kiti, ya waya, ya mtungi. Fundi aliishi siku tatu zaidi, na katika siku hizo alimweleza mkewe mtungi unavyobadilishwa, kwa maneno na kwa vidole hewani, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Bi Mkasi alikosea upande wa kugeuza. Alifariki Jumamosi kabla ya adhuhuri. Mkono wa mkewe ulikuwa pale ubavuni.

Hadithi ilichapwa mwezi uliofuata, ukurasa wa kumi na nne, bila neno hata moja kupunguzwa. Kwenye nafasi ya jina iliandikwa "Fundi wa vyerehani". Waandishi wachanga waliisoma wakatazamana, maana ilikuwa na kila kosa ambalo Bi Mkasi aliwakatazia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wasomaji wawili waliandika barua kulalamika. Walisema gazeti limeshuka kiwango, kwamba hadithi ile haikuwaficha chochote, na kwamba kufikia aya ya pili walikuwa wameshajua kuwa yule mume ni mgonjwa.

Bi Mkasi aliwajibu wote wawili kwa mkono wake mwenyewe. Aliwaandikia kwamba wana bahati.